Kipa Hupanda wa Mwisho

"Sema tena! Sema ulimwachia!"

"Sikumwachia, mama Haidar! Toa kisu kwanza tuongee!"

"Nitakitoa kikishatokea upande wa pili. Sema!"

Hapo ndipo tulipowaacha wiki iliyopita, msomaji, na tangu hapo hakuna aliyesogea hata hatua. Sihaba bado amemkandamiza Pandu kwenye ukuta wa jiko la mgahawa wake, ghorofa ya pili, barabara ya Huanshi Zhonglu. Kisu ni kile kipana cha Kichina, cha kukatia mifupa ya mbuzi. Pandu ni mwanamume mrefu, nahodha na mshambuliaji wa timu, mabega kama mlango. Sasa hivi amejikunja kama mtoto anayesubiri viboko.

"Mwenyekiti!" akaita. "Mwambie huyu mama!"

Mwenyekiti Maulid alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, kofia yake ya kiua haijapinda. "Sihaba, hiki ni kikao cha klabu. Weka chini hicho chombo."

"Hili ni jiko langu. Kikao kafanyie kwako."

"Tunaelewa uchungu wako..."

"Huelewi kitu. Mwanangu kaingia mle kiwandani na wenzake kumi. Kumi wamerudi, wako hapo ukumbini wanabandika barafu kwenye midomo. Nauliza swali jepesi. Nani alikaa juu ya ukuta kumvuta Haidar? Si huyu?"

Kwa uliyekosa gazeti la wiki iliyopita nitasema haraka, maana kuna shingo inakwaruzwa.

Msumari ni timu ya mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam. Aliianzisha fundi Pandu, babu wa huyu Pandu mwenye kisu shingoni, mwaka 1951, na mpaka leo jezi zake ni za rangi ya mbao. Haijawahi kucheza ligi. Ni ndondo tu, mechi za mitaani, mwaka baada ya mwaka, vikombe vya plastiki na mbuzi wa zawadi. Watoto wa mafundi walipoacha randa wakaingia kwenye biashara, timu ikawafuata. Ikacheza Dubai. Ikacheza Bangkok. Sasa, mwaka huu wa 1999, iko Guangzhou, na wachezaji wake wanapakia mabegi na viatu kwenye makontena siku sita za wiki.

Na Msumari haipiti getini. Hapo zamani ilifungwa saba bila na wapagazi wa bandari. Fundi Pandu akarudi usiku ule na koleo, akachimba chini ya geti la uwanja, akakuta kichwa cha kuku kimefungwa uzi mweusi. Akaapa. Tangu siku hiyo Msumari huruka ukuta. Wilaya iliwahi kuwaita wasajiliwe ligi. Wakakataa, kwa sababu ukuta wa uwanja wa ligi ulikuwa umepandwa vipande vya chupa.

Namna ya kuruka ina sheria yake. Kipa huinama, wenzake wanakanyaga mgongo wake mmoja mmoja. Nahodha hubaki juu ya ukuta, na mwisho kabisa humpa kipa mkono na kumvuta. Kule Keko watu walicheka na kupiga picha.

Huku imeleta damu. Mchana wa leo walikuwa wacheze na Wakenya kwenye kiwanja cha kiwanda cha viatu, nje ya mji. Kiwanda hicho kilikuwa kimeibiwa juzijuzi. Walinzi wakaona wanaume kumi na moja weusi wakidondoka ndani kutoka ukutani. Wakatoka na marungu. Pandu akamnyang'anya mkuu wao rungu akampasua nalo kichwa, na yule mtu akalala pale pale, macho wazi. Msumari wakakimbilia ukuta. Haidar, kipa, mtoto pekee wa Sihaba, akainama. Wenzake wakamkanyaga, wakapita.

Yeye hakutoka. Basi, turudi jikoni.

"Nilimshika mkono," Pandu akasema. Damu nyembamba ilikuwa ikimtiririka hadi kwenye ukosi wa jezi. "Wallahi nilimshika. Alikuwa ameshaacha ardhi. Ndipo nikavutwa mguu kutoka nje, nikaanguka barabarani."

"Na nani?"

Pandu akafumba macho.

"Nimeuliza na nani!"

Macho ya Pandu yakafunguka, yakaenda kwenye gunia la mchele.

Maulid hakusubiri kutajwa. "Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemvuta."

Hata wale wa ukumbini wakaacha kuguna.

"Walinzi walikuwa wameshamfikia Haidar," Maulid akaendelea, sauti ileile ya kusoma ajenda. "Walikuwa na kulabu. Wangemshusha na Pandu naye. Ningepoteza wawili. Huyu ni damu ya mwasisi, Sihaba. Ndiye wa mwisho. Nikachagua."

"Ukachagua."

"Klabu kwanza. Kipa hupatikana."

Sihaba akaondoa kisu kwenye shingo ya Pandu. Akakiweka mezani taratibu, kama mtu aliyemaliza kukata vitunguu. Kisha akashika karai la mafuta ya sambusa kwa tambara, akalirusha.

Maulid alikuwa mwepesi kwa umri wake, lakini si mwepesi vya kutosha. Mafuta yalimpata begani na shingoni. Alipiga ukelele ambao uliwatoa watu madirishani upande wa pili wa barabara. Kabla hajamaliza, Pandu alikuwa amemfikia. Ngumi ya kwanza ikamvunja jino. Ya pili ikamwangusha juu ya ndoo za maharage.

"Umeniambia niliteleza!" Pandu alikuwa akipiga na kulia. "Njia nzima unaniambia niliteleza mwenyewe!"

"Ongeza," Sihaba akamwambia. "Usiogope sakafu, nitaipangusa."

Mlango wa jiko ukafunguliwa kwa teke.

"Bado mnapigana? Tena wenyewe kwa wenyewe? Haikuwatosha?"

Alikuwa Macharia, nahodha wa Wakenya, mfanyabiashara wa vipuri kutoka Nairobi. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika nusu, linaning'inia. Shati lote lilikuwa jekundu hadi kwenye mshipi.

"Nyinyi Msumari ni wazimu, aki," akasema. "Geti lilikuwa wazi! Wazi kabisa! Laoban, mwenye kiwanda, alikuwa ametuwekea chai na machungwa mezani, ameita na mpiga picha. Nyinyi mnaingia kwa ukuta kama majambazi!"

Maulid alijiinua kwa kiwiko, akatema damu. "Mlimwaga dawa getini. Vijana wangu walipita jana wakaona unga mweupe, kutoka nguzo hadi nguzo."

"Dawa?" Macharia akamtazama kama mtu anayetazama ajali. "Dawa gani, mzee? Hiyo ni chokaa! Ya kuchora mistari ya uwanja! Gunia lilipasuka hapo getini, nikafagia mpaka mgongo ukauma!"

Ingekuwa siku nyingine, watu wangecheka mpaka wakae chini. Leo mafuta yalikuwa yakichuruzika kutoka ukutani.

"Macharia," Sihaba akasema. "Mwanangu yu hai?"

"Yuko hai, mama."

"Umemwona kwa macho?"

"Nimemwona. Sisi walituachilia kwa sababu tuliingia kwa geti. Mimi nikabaki nikimtetea, ndiyo nikapewa hii." Akagusa sikio, akakunja uso. "Mama, kaa chini nikwambie."

"Nitasikia nikiwa nimesimama."

"Wamemfunga kwa ile mashine ya kubandika soli. Kuna kabati la chuma hapo kando, lina mlango mzito. Wanaweka mkono wake kwa mlango wa kabati, wanafunga. Wanafungua. Wanauliza. Wanafunga tena. Mkono wa kulia umekwisha, mama. Hauna umbo. Nilipotoka walikuwa wanamfungua wahamie wa kushoto."

Sihaba akashika ukingo wa meza.

"Wanauliza nini?"

"Kitu kimoja tu. Namba tisa anakaa wapi."

Macho yote yakaenda kwenye mgongo wa Pandu. Namba tisa ilikuwa imeshonwa pale kwa uzi mweupe, kubwa, isiyofichika.

"Kwa hiyo anavunjwa mikono kwa ajili yako," Sihaba akamwambia Pandu. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na mimi naihofia sauti hiyo kuliko kisu. "Anakuficha wewe."

"Hapana, mama," Macharia akasema polepole. "Hamfichi huyu. Huyu si analala stoo, hapo nyuma yako? Nyumba ni moja. Haidar akisema namba tisa anakaa wapi, ameshasema mama yake anakaa wapi."

Sihaba akakaa juu ya kiti cha plastiki kwa kishindo. Kwa muda alitazama mikono yake mwenyewe, akiikunja na kuikunjua.

"Polisi je?" akauliza. "Kiwanda hakijaita polisi?"

"Laoban hawezi kuita. Anashona nembo za makampuni ya watu bila ruhusa kwa vile viatu, akiletewa polisi wataziona. Ameambia walinzi wamalize wenyewe, akafunga ofisi, akaenda. Na hiyo si mbaya zaidi." Macharia akashusha pumzi. "Yule mlinzi aliyepigwa hajaamka. Ndugu zake wanakuja na lori kutoka kijijini kwao. Walinzi wanasema watafika kabla ya zamu ya usiku. Hao wakifika, hawatauliza anwani ya mtu. Watamaliza aliye mkononi."

Dirishani jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya majengo ya maduka ya jumla ya mtaa wa Xiaobei.

"Nitakwenda," Pandu akasema.

"Usiseme upuuzi," Maulid akajibu kutoka sakafuni.

"Mimi ndiye niliyempiga. Wanamtaka namba tisa, namba tisa huyu hapa. Macharia, nipeleke."

"Wakikupata wewe hawatamwachilia yule," Macharia akasema. "Nawajua sasa. Watakuwa na wawili."

"Hata hivyo. Asife peke yake." Pandu akamgeukia Sihaba. "Mama Haidar, nimekula kwako kama mwanao. Nilimwachia. Nilivutwa, sawa, lakini mkono ulioachia ni wangu huu. Nakwenda."

Akapita mbele ya mwenyekiti kuelekea mlangoni.

Msomaji, mimi nilidhani Maulid alikuwa ameisha. Nilikosea. Nyuma ya zile ndoo kulikuwa na nondo ya kukazia dirisha. Maulid alinyanyuka nayo kwa mikono miwili, shingo imevimba malengelenge, mdomo mwekundu, akaizungusha chini chini kama mtu anayefyeka nyasi.

Ilimpata Pandu gotini kutoka upande. Mlio wake ulikuwa wa fimbo kavu. Mguu ukakunjika kuelekea upande ambao mguu haukunjiki.

Pandu alianguka bila hata kupiga kelele. Kelele zilikuja baadaye, alipojaribu kuuvuta mguu ukabaki ulipo.

"Mchezaji wa Msumari hatolewi kwa mtu!" Maulid alifoka. "Hajatolewa kwa wakoloni, hajatolewa Bangkok, hatatolewa leo!"

"Umemvunja goti!" Macharia akapiga kelele. "Mzee, huyu ni mchezaji wako mwenyewe!"

"Goti litaungwa. Yuko hai, yuko kwetu." Maulid akaelekeza nondo ukumbini, walipokuwa wamejazana vijana wenye midomo iliyovimba. "Sikilizeni! Nondo nyingine ziko chumba cha mizigo. Mapanga yako chini ya kaunta. Tunakodi gari mbili, tunaruka ukuta uleule, tunamtoa kipa wetu kwa mikono yetu! Msumari!"

"Gongelea!" wakajibu, kwa mazoea zaidi kuliko kwa moyo.

"Msumari!"

"Gongelea!" Safari hii ilitingisha glasi.

Sihaba aliwatazama. Aliwajua wote. Huyu anavuja damu puani, yule hawezi kunyoosha mkono, yule mwingine hata mechi hachezi, hubeba maji. Watakwenda na nondo kuruka ukuta ambao walinzi sasa wamesimama chini yake wakiwasubiri. Nani atainama safari hii? Na mtu wa kwanza kukanyaga ndani, aliyeshika mkono wa Haidar atafanya nini na ule mlango wa kabati?

Akampima Pandu kwa macho pale sakafuni. Huyo habebeki, na akibebwa hasaidii.

Akasimama. Akatoka jikoni, akawapita vijana wanaogawana nondo, akaenda kwenye kaunta ilipo simu ya mgahawa. Akanyanyua mkono wa simu.

Maulid akamfuata mbio. "Unampigia nani?"

"Polisi."

Neno hilo liliwafikia wote kwa wakati mmoja. Nondo mbili zikaanguka chini.

"Sihaba." Maulid akabadilisha sauti, akawa ndugu. "Fikiri, dada yangu. Viza yako imekwisha. Yangu imekwisha. Nusu ya hawa hawana karatasi yoyote ya kuonyesha. Watatuzoa wote, watatutupa korokoroni kisha kwenye ndege. Mgahawa wako kwisha. Na Pandu? Yule mlinzi akifa, unajua nchi hii inamfanya nini muuaji. Ukutani, risasi moja."

"Najua."

"Fundi Pandu aliijenga timu hii kwa randa na gundi. Ukipiga simu hiyo, Msumari imekufa. Leo, hapa, mkononi mwako."

"Ife," Sihaba akasema, akabonyeza namba ya kwanza.

Maulid akainua nondo juu ya simu. Sijui kama alitaka kuvunja simu au mkono ulioishika, na sidhani kama alijua mwenyewe. Pandu alikuwa amejiburuta kutoka jikoni kwa viwiko, mstari wa damu nyuma yake. Akamkamata mwenyekiti kifundo cha mguu akamng'ata. Akang'ata kweli, kama mbwa. Nondo ikapiga kaunta, ikavunja kioo na sahani za maandazi. Macharia akaruka, akamwangukia Maulid kwa uzito wake wote, na damu ya sikio lake ikamdondokea yule mzee usoni.

"Piga, mama!" Macharia akahema. "Piga upesi, huyu ana nguvu!"

"Piga, mama Haidar," Pandu akasema kutoka sakafuni, meno mekundu. "Nitajisema mwenyewe."

Simu ikapokelewa. Sauti ya mwanamke, kavu, imechoka.

Kichina cha Sihaba ni cha sokoni. Anajua kusema ghali, anajua kusema punguza, anajua kusema hakuna. Hakuwa amewahi kukihitaji kwa kitu kama hiki. "Wanaua mtu," akasema. "Sasa hivi. Mwanangu." Akataja kiwanda. Akataja barabara na rangi ya geti. Akasema lori linakuja na watu wa kijijini, akasema mashine, akasema mkono, akarudia mkono mpaka sauti ile ya upande wa pili ikaacha kuchoka.

Ikamwuliza jina. Akalitaja lote, pole pole, herufi kwa herufi.

Ikamwuliza nchi. Akasema.

Ikamwuliza kama kuna watu wake watakaoingia kule. Sihaba akawatazama wale wa ukumbini. "Hawaingii," akasema.

Walikuwa wameanza kuondoka. Mmoja alivua jezi ya rangi ya mbao akaitupa chini ya meza. Mwingine akashika viatu mkononi asifanye kelele, kama vile kelele ndiyo iliyokuwa shida. Ngazi zikaanza kunguruma.

"Sihaba, nakusihi," Maulid akasema chini ya uzito wa Macharia. Analia sasa. "Usiseme tuko wapi. Waende kiwandani, watosheke. Usiseme tuko wapi."

Na sauti ya kwenye simu ikauliza swali lilelile ambalo lilikuwa likiulizwa, dakika hiyohiyo, mbele ya mlango wa kabati la chuma. Mnakaa wapi?

"Huanshi Zhonglu," Sihaba akajibu. Akataja namba ya jengo. Akataja ghorofa. "Juu ya duka la mabegi, mlango wa kijani. Na aliyempiga mlinzi yuko hapa pia, ana goti limevunjika, njooni na gari la wagonjwa. Sisi wote tuko hapa. Lakini kwanza nendeni kule. Kwanza kule!"

"Gari zimetoka," sauti ikasema. "Usikate simu."

Mlangoni, wa mwisho kati ya Msumari alikuwa akiteremka ngazi mbili mbili. Sihaba akavuta kiti cha plastiki kwa mguu, akakaa, akabana mkono wa simu sikioni kwa mikono yote miwili.

"Sikati," akasema.